Punje za Babu

Kabla mtu hajakukaribisha katika duka lile la dawa, harufu yake ilikuwa imeshakukaribisha. Ilikupokea mlangoni, ikakushika pua, ikapanda hadi machoni. Ilikuwa kali na chachu, na nyuma ya ukali huo palikuwa na uvundo wa mbali, kama nguo iliyolowa ikasahauliwa kabatini. Wateja waliipenda. Wazee walisimama kizingitini, wakafumba macho, wakavuta pumzi ndefu na kusema, "Hapa ndipo penye dawa. Huko kwingine wanauza rangi." Wenye mafua walidai kwamba wanapona nusu kabla hata ya kuhudumiwa.

Mlinzi wa harufu hiyo alikuwa Bi Mkubwa, mjane wa mtoto wa mwanzilishi. Alipiga marufuku kupiga deki kwa sabuni yenye manukato. Madirisha ya juu hayakufunguliwa. Mwanawe mdogo aliwahi kuleta feni, ikalala dukani usiku mmoja tu, kesho yake ikarudishwa ilikotoka. Kutwa Bi Mkubwa alikaa nyuma ya kaunta kwenye kiti chake cha mito, mtandio begani, akiwapokea watu kama mama wa bwana harusi. Na aliyejichanganya akauliza, "Duka hili ni la zamani sana, eh?" basi mtu huyo aliaga shughuli zake kwa muda.

"Nyumba hii ilianza ikiwa ghala la ngozi," Bi Mkubwa angeanza. "Ngozi mbichi, zenye chumvi na nzi. Halafu akaja tajiri mmoja akaigeuza ofisi, akafilisika. Hakuna aliyetaka kuinunua kwa sababu ya ule uvundo. Baba mkwe wangu akaichukua, huyu tunayemwita Babu. Babu, mwenyewe kabisa. Hizi rafu unazoziona alisimamia kila ubao. Vile vinu, ile mizani ya shaba, mitungi ya kaure, vyote vyake. Na juu ya dari hii ndipo alipokausha majani na magamba ya miti. Alikuwa akipanda mwenyewe kwa ngazi, mtu mzima, kanzu kakunja kiunoni. Alipokufa tukaufunga mlango wa darini kwa misumari, ili mkono wa mtu mwingine usiguse alichokigusa yeye. Lakini unaona? Dawa zake bado zinatushukia."

Hapo kidole kingepanda juu, penye ufa mrefu kati ya mbao mbili. Chini ya ufa huo, kwenye rafu ya pembeni, zilidondoka punje ndogo nyeusi, nyembamba kama punje za mchele. Kila asubuhi Bi Mkubwa alizifagia kwa unyoya wa kuku, akazitia kwenye mtungi mweupe ambao Babu aliuandika kwa mkono wake neno moja: KIFUA. Mtu wa familia akibanwa na kifua, punje hizo zilipondwapondwa, zikatiwa kwenye beseni la maji yanayochemka, mgonjwa akafunikwa shuka na kuambiwa avute. Zenyewe waliziita punje za Babu. Hazikuuzwa. Baraka haiuzwi, Bi Mkubwa alisema, na kabla ya kufungua mtungi alisoma dua fupi ya shukrani.

Aliyesimama kaunta alikuwa mke wa huyo mwana mdogo. Wateja walimwita Mama Vidonge, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumtikisia mtu pakiti ya vidonge sikioni huku akimweleza namna ya kumeza, kana kwamba vidonge navyo vinathibitisha. Alikuwa amesoma kazi yake, ana cheti ukutani, na ni mtu wa sala. Alisali akifungua duka, akasali akifunga, na katikati alisali kimoyomoyo kila alipopokea mtoto mwenye homa. Lakini ule mtungi haukuwa wake. Alipoolewa alikuta sheria za nyumba zimeshapangwa, naye alikuja kukaa, hakuja kupanga upya. Mwaka wa kwanza wa ndoa alishikwa na mafua makali. Wakamfukiza. Alitoka chini ya shuka akitiririka machozi, koo linawasha, na kitu kama chumvi chungu kimemkaa midomoni. Mashemeji wakapiga vigelegele kwamba dawa imemkubali. Akailamba ile midomo akacheka nao.

Sasa Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza kama mzaha, kikaota mizizi. Alikonda hadi pete ikawa inamteleza. Jasho lake lililowesha mito ya kiti. Na kadiri alivyokohoa ndivyo alivyojifukiza, asubuhi na jioni, na kadiri alivyojifukiza ndivyo alivyokohoa. Mama Vidonge alimsihi aende hospitali hadi akachoka. Kilichomfanya akubali hatimaye ni wageni: watu wa makumbusho walikuwa wanakuja kupigilia kibao cha shaba ukutani, kutangaza kwamba duka hili ni sehemu ya historia ya mji, na Bi Mkubwa hakutaka kukohoa katikati ya hotuba yake.

Ikawa siku moja kabla ya wageni. Mume akampeleka mama yake hospitali. Mama Vidonge akabaki dukani na fundi seremala, maana ule ubao wa dari ulio juu ya kiti cha Bi Mkubwa ulikuwa umeanza kushuka tumbo kama ng'ombe mwenye mimba, na agizo lilikuwa upigiliwe kwa chini, usifunguliwe.

Fundi alipanda ngazi, akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akanusa, akashuka.

"Mama Vidonge, huu haupigiliwi. Huu unatolewa."

"Bi Mkubwa amekataza kufungua."

"Si yeye anayekaa chini yake?"

"Ndiye."

"Basi mwambie ahamishe kiti au ahamishe amri yake. Kuna kitu kizito humo. Nikipiga nyundo hapa kitatuangukia."

Mama Vidonge aliutazama ule ubao. Ulikuwa na doa la kahawia lililotanda, na katikati ya doa palining'inia tone moja nene ambalo lilikataa kudondoka. Alijiambia ni mvua. Kisha akakumbuka kwamba mvua haijanyesha muda mrefu. Mungu wangu, alisema moyoni, kama huu ni ukaidi nisamehe. Akaufunga mlango wa mbele, akageuza kibao cha kufungwa, akashika ngazi.

"Toa," alisema.

Fundi akachomeka nondo kwenye ufa, akabonyeza. Msumari ukalia. Ubao ukashuka upande mmoja, na kile kilichokuwa juu yake kikamwagika.

Kilimwagika bila kukoma. Kilikuja kama mchanga mweusi kutoka kwenye gari la mizigo, kikakijaza kiti cha Bi Mkubwa, kikafurika kwenye mito, kikamiminika sakafuni na kutimua vumbi la kahawia. Ndani ya lile lundo mende walikuwa wanakimbia huku na huko, na funza weupe wakijinyonganyonga kwa kuchukizwa na mwanga. Kitoto cha popo, hakina manyoya, kimekufa na kunyauka, kilianguka kwenye sahani ya mizani ya shaba kikatulia hapo kama kinachosubiri kupimwa. Halafu maji yakafuata. Hayakuwa maji. Yalichuruzika mazito, ya rangi ya chai, yakatapakaa kwenye kioo cha kaunta, na harufu ile ya siku zote, ile iliyowafanya wazee wafumbe macho, ikapanda sasa ikiwa uchi kabisa, mbichi, ikawapiga wote wawili usoni. Na huko juu gizani kitu kilianza kulia, sauti nyembamba nyingi mno, na mabawa yakasuguana.

Fundi alishuka bila kukanyaga vipandio vya ngazi. Alitema mate, akatema tena.

"Mimi nimezibua mashimo ya watu," alisema, kiwiko kikiwa puani. "Nimefanya kazi machinjioni. Lakini hii, dada yangu, hii si dari. Ni choo kisichojengewa mlango."

Mama Vidonge alikuwa ameinama, ameiokota punje moja kwa karatasi. Nyeusi, nyembamba. Akaivunja kwa ncha ya kalamu, ndani mkawa na vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometameta. Alikwenda polepole hadi kwenye rafu ya pembeni, akauteremsha mtungi ulioandikwa KIFUA, akamwaga kidogo kwenye karatasi ileile. Akavunja moja. Mabawa yakametameta.

Ladha ikamrudia. Ile chumvi chungu ya midomoni, ya mwaka wa kwanza wa ndoa, ikamrudia nzima kana kwamba imetoka kulambwa sasa hivi. Akakumbuka wanawe wawili, kila mmoja kwa zamu chini ya shuka, na yeye mwenyewe akiwashikilia vichwa visitoke. Akawahi beseni la kunawia. Alitapika chai ya asubuhi, akatapika nyongo, na alipokuwa hana kitu tumbo likaendelea kumkaba kana kwamba linataka kutapika na miaka yote.

"Mungu wangu," alisema ndani ya beseni. Hakuwa na sala nyingine.

Walifunga barakoa, wakaligongomelea turubai pale palipotoboka, wakamwagia dawa ya kuua vijidudu. Kile kiti fundi alikitoa uani akakiinamisha ukutani kama mlevi. Walikuwa bado wanazoa pale Bi Mkubwa na mwanawe walipoingia kwa mlango wa nyuma.

Bi Mkubwa alikuwa na furaha. Gari lilimpumzisha.

"Huyo daktari wenu ni kichekesho," alisema, akijishikiza kwenye mkono wa mwanawe. "Ameitazama picha ya mapafu, ameona makovu, akaanza kunihoji kama polisi. Eti, mama, unafuga njiwa? Nikamwambia sifugi. Eti kuku? Sifugi. Eti nyumbani kwako mna popo? Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mke wa mtu mwenye duka la dawa, wala si mchawi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama hadi kikaisha. Alipoinuka akaliona turubai. "Nani amefungua dari?"

"Mimi, Mama," alisema Mama Vidonge.

"Nilisema nini?"

"Ulisema isifunguliwe. Lakini humo juu mna popo, Mama. Ni wengi. Na punje za Babu ni mavi yao."

Mume alimtazama mkewe kama mtu aliyemwona akivua nguo sokoni. "Punguza sauti," alisema.

"Kwa nini? Duka limefungwa."

Bi Mkubwa hakukasirika kama ilivyotarajiwa. Alivuta kigoda, akakaa, akaupanga mtandio wake magotini. "Popo wanaingia kila nyumba," alisema kwa upole wa kumwelewesha mtoto. "Pengine wameingia juzi. Sasa wewe umeona mavi yao, ukaona na dawa ya Babu, ukavichanganya."

"Nimevunja za mtungini. Ni zilezile."

"Na hata zikiwa zilezile. Wanakula nini humo? Si wanakula majani ya Babu? Kilichoingia dawa, kinatoka dawa."

Fundi, aliyekuwa anapita na ndoo, alisimama. "Bi Mkubwa, samahani niingilie. Kwa hesabu hiyo mimi nikila wali hotelini, nawadai wanirudie asubuhi wachukue wali wao."

"Fundi, zoa," alisema mume.

Fundi akazoa. Mume akamvuta mkewe pembeni, kwenye rafu za dawa za macho, akanong'ona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuahirisha. "Kesho wageni wanakuja. Amesubiri siku hii maisha yake yote. Tutaurudisha ubao, tupake rangi. Wakishaondoka tutamweleza taratibu."

"Na jioni ya leo akitaka kujifukiza?"

Mume akaanza kuzipanga upya pakiti za dawa za macho.

"Na kesho asubuhi? Umeiona picha ya mapafu yake, sijaiona mimi. Yana nafasi ya taratibu?"

Kabla hajajibu, Bi Mkubwa aliita kutoka kwenye kigoda. Lile vumbi lilikuwa limemfikia. Alikuwa amejishika kifua kwa mikono yote miwili, midomo imepauka. "Niwekeeni maji motoni," alisema. "Nimebanwa. Leteni mtungi."

Mama Vidonge alijua kwamba akimnyang'anya mtungi, Bi Mkubwa atalala mlango umefungwa na ufagio wa unyoya mkononi, na kesho alfajiri atakuwa juu ya ngazi akijikusanyia mwenyewe. Mzee yule hakuwa wa kunyang'anywa. Akasali sala ambayo hakuwa ameisali kabla: Mungu, nipe moyo wa kumchukiza. Kisha akatoa kibao cha kioo, kile ambacho zamani walisokotea vidonge, na kisu butu cha kuchanganyia dawa. Akaviweka magotini kwa mama mkwe wake. Akamwaga punje tatu nne juu ya kioo, za mtungini na za sakafuni, pamoja.

"Mama," alisema, "mimi nilikuta vidonge vinakuja kwenye maboksi. Wewe ulisokota kwa mkono, Babu mwenyewe alikufundisha. Nibonyezee hizi. Niambie zina umri gani."

"Unanipima?"

"Nakuomba."

Bi Mkubwa alikishika kile kisu. Kazi ilikuwa imerudi kwenye vidole. Akabonyeza punje ya kwanza, ikavunjika kikavu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda. Akabonyeza ya pili. Hiyo haikuvunjika. Ilibonyea, ikatandika kwenye kioo alama ndefu laini ya kijani iliyoiva, na ndani yake mguu wa mdudu ukiwa mzima na vinywele vyake.

Aliitazama. Akakivuta kile kisu tena, polepole, akaitandaza zaidi, kama afanyavyo fundi anayetafuta kasoro kwenye kazi ya mwenzake. Akainua kioo puani, akanusa.

"Kidonge cha miaka hakiwi laini," alisema mwishowe. Hakuwa anamwambia mtu. "Hii ni ya jana."

Juu ya turubai kitu kilikwaruza.

"Nilimfukizia baba yenu nayo," alisema. "Mwezi wake wa mwisho. Alikuwa anageuza uso, mimi namrudisha. Alisema inanuka, nikamwambia mtu mzima hadeki." Aliweka kioo chini. "Nipeni maji."

Wakampa kikombe. Alisukutua, akatema kwenye ndoo ya fundi. Akasukutua tena. Alisukutua hadi jagi likaisha, akaomba lingine, akawa anaingiza kidole mdomoni na kusugua fizi na ulimi kwa ncha ya mtandio, kama anayeosha chombo cha mtu mwingine. Mwanawe alisema, "Mama, inatosha." Hakumwangalia. Aliendelea.

Asubuhi mume alikuwa ameamka mapema na kopo la rangi. Ubao ulikuwa umerudi mahali pake, mweupe, na kiti kingine kimewekwa chini yake. Mama Vidonge aliyaona hayo, akafungua madirisha yote ya juu, yakalia kwa kutu. Bi Mkubwa alikuja amevaa vizuri, akafika kizingitini, akasimama. Hakuvuka. Alikuwa na leso puani.

Mkuu wa makumbusho alifika na wenzake, mtu mnene mwenye tai na uso wa bashasha, kibao cha shaba kwapani. Aliingia moja kwa moja hadi katikati ya duka, akanyanyua kidevu, akavuta pumzi iliyomtanua koti.

"Mnasikia hiyo?" aliwauliza wenzake. "Vitabu havina hiyo. Hii ndiyo historia yenyewe. Ningeweza kuitia kwenye chupa ningekwenda nayo."

"Tumeitia kwenye mtungi," alisema Bi Mkubwa kutoka mlangoni.

"Kweli? Naomba." Na kabla Mama Vidonge hajazunguka kaunta, yule bwana alikuwa ameusoma mtungi kwa sauti, "Kifua," akautoa kifuniko, akaingiza pua yote.

"Usivute," alisema Bi Mkubwa. "Ni mavi ya popo."

Yule bwana alicheka ndani ya mtungi. Akatazama pembeni aone nani mwingine anacheka. Mume alikuwa anatazama viatu vyake. Kicheko kikamwishia usoni kidogo kidogo, akauweka mtungi chini kwa uangalifu mkubwa, akajifuta pua kwa leso, halafu kwa mkono, halafu, kwa kuwa haikutosha, kwa ncha ya tai.

"Mama, tafadhali," mume alinong'ona. "Wageni."

"Wageni ndio wasivute. Sisi tumeshavuta." Aliinua sauti, ikakwaruza. "Mabwana, dari hiyo imejaa. Rangi hiyo ni ya leo asubuhi. Tokeni nje, nitawaeleza historia hapa barabarani, na nitawaeleza yote, mpaka ya darini."

Wakatoka, haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Bi Mkubwa aliwaeleza akiwa amesimama kando ya mtaro, ghala la ngozi, tajiri aliyefilisika, Babu na kanzu yake kiunoni. Lakini kila alipofika mahali pa kusifia alikwama, kama mtu anayepapasa ngazi gizani asijue ipi imeoza. Alipofikia mlango wa darini kikohozi kikamshika. Hakikumwachia. Mkuu wa makumbusho alirudi nyuma hatua, akaona aibu, akasema kibao kinaweza kusubiri.

Mama Vidonge alisimamisha teksi. Alimwingiza mama mkwe wake nyuma, akaingia naye. Mume alibaki na wageni na kopo la rangi.

"Twende kwa yule daktari," Bi Mkubwa alimwambia dereva kana kwamba dereva anamjua. Kisha akamgeukia mkaza mwanawe. "Nitamwambia popo ninao. Akiniuliza tangu lini nitamwambia sijui."

"Mwambie hivyo hivyo, Mama."

"Na akisema tumechelewa?"

"Tutamwomba ayapime na mapafu yangu. Na ya watoto."

Bi Mkubwa alitaka kusema kitu, badala yake akakohoa, kwa nguvu, kutoka chini kabisa, na kitu kikampanda mdomoni. Alitazama huku na huku kwa fedheha, hana leso. Ile ya asubuhi alikuwa ameitupa mtaroni. Mama Vidonge akachana karatasi ya bahasha ya hospitali ya jana, iliyokuwa mkobani mwake, akaitandaza kiganjani, akaikinga chini ya kidevu cha mama mkwe wake. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha kahawia, na uzi mwembamba wa damu. Mama Vidonge alikiangalia vizuri, kwa sababu daktari angetaka kukiona, akaikunja karatasi isivuje, akaishika mkononi njia nzima.